Herufi Moja

Mara ya kwanza alikuja na mimba na karatasi kumi na moja.
Nikamkalisha kwenye stuli, mbele ya shuka la buluu,
nikamwambia: masikio yaonekane, usicheke.
Akauliza, kucheka kumekatazwa na nchi gani, yenu au yetu?
Na mashine, nikamjibu. Kaa sawa.

Felismina Nandenga, wa ng'ambo ya Ruvuma,
mke wa Mfaume Chitanda, fundi pikipiki wa Chikongola.
Nikamtolea nakala: pasipoti, cheti cha ndoa,
barua ya mtaa yenye muhuri uliokwenda upande,
cheti cha kuzaliwa cha Kireno na tafsiri yake,
stakabadhi ya malipo. Hii, nikamwambia, ilalie.
Fomu nikamjazia mimi, maana mwandiko wangu unasomeka.
Dirishani wakamwambia: siku thelathini.

Siku thelathini ni mdomo wa mtu.
Kuna siku za kalenda, kuna siku za kazi,
na kuna siku za mtandao uko chini,
za mkubwa yuko semina Dodoma,
za faili limeshakwenda makao makuu,
na faili si mtu, halipigiwi simu kuulizwa limefikaje.

Mikorosho ikachanua. Korosho zikadondoka,
zikaokotwa, zikaanikwa, zikapigwa mnada,
magunia yakashuka bandarini na kuondoka.
Gunia nalo lina karatasi zake na mihuri yake.
Wiki tatu, limeshavuka bahari.
Sisemi kitu.
Nasema tu kwamba nakala zile pia nilizitoa mimi.

Katikati hapo mama yake akafa, Mueda.
Hakukatazwa kwenda. Aliambiwa tu:
ukitoka kabla ya jibu, ombi linaweza kufa.
Akakaa matanga Chikongola, sikio kwenye simu,
akisikiliza wenzake wakilia mpaka salio likaisha.

Mara ya pili alikuja na mtoto mgongoni.
Faili limerudi. Kosa: jina.
Pasipoti yasema Felismina.
Fomu yasema Felisimina.
Nikaitazama ile i,
nyembamba kama mfupa wa dagaa, nukta yake kichwani.
Niliiandika mimi.
Ulimi wangu hauwezi kuziacha s na m zigusane;
huzipa irabu ya kukalia,
kama mgeni anavyosogezewa kigoda.
Ukarimu huo umemla miezi saba.

Sikumwambia.
Nikampiga picha bure, nikasingizia wino umepungua.

Mara ya tatu mtoto aliingia kwa miguu yake,
akaenda moja kwa moja kuvuta waya wa mashine.
Mama yake ameshika kibali.
Kibali chenyewe! Picha, namba, muhuri uliosimama wima.
Miaka miwili, kimeandikwa,
kuanzia siku ile alipokuja na mimba.
Tukahesabu kwa vidole, tukarudia.
Imebaki miezi minne.

Ndipo akacheka, kicheko cha stuli na cha shuka,
kile alichokikalia muda wote huo,
na mimi nikaona sasa au basi.
Felismina, nikasema, ile herufi ilikuwa yangu.
Najua, akasema. Nukta zako ni kubwa kuliko za serikali.
Mama mkwe ananiita hivyo. Mfaume ananiita hivyo.
Wewe mwenyewe umeniita hivyo sasa hivi.
Huku ndilo jina langu.
Ila usiwaandikie wao.

Akatoa ming'oko iliyofungwa kwenye gazeti, bado ya moto,
na pilipili yake pembeni. Tukala.
Mtoto akachukua mmoja, akapangusia mkono kwenye shuka la buluu,
ambalo nalo limeanza kupauka.

Kisha fomu mpya.
Nikaandika s, nikaandika m,
zimegusana, hakuna kitu katikati.
Kulisoma kwa sauti, hata leo, siwezi.